Jirani wa Kwanza

Kwa miaka mitatu na kitu mama yangu alifanya kazi ambayo hakujua ni kazi. Aliishi. Kazi yenyewe ilikuwa hiyo, kuishi katika nyumba ya vyumba viwili yenye mabati mekundu, katikati ya ploti ambazo kampuni yetu ilikuwa ikiuza nje ya Kitengela, ili watu wakija kuziona wakute moshi jikoni na nguo kwenye kamba. Mimi ndiye niliyemtafutia kazi hiyo.

Wasiojua biashara ya ploti hudhani kwamba mteja anaogopa kutapeliwa tu. Anaogopa, ndiyo, lakini kwa hilo tuko na wakili na nakala za hati. Kinachomkwamisha akishasimama pale nyasini, upepo ukimpiga na jua likimchoma utosi, ni hofu nyingine ambayo haitamki: kwamba atajenga akae peke yake. Unamwonyesha barabara ya murram, anaitikia kwa kichwa. Unamwonyesha tangi la maji, anauliza kama lina maji. Lakini akiona mama mzee anafagia uwanja, kuku wawili nyuma yake, mabega yanashuka. Anamsogelea na kumwuliza, "Shosho, huku ni kuzuri?" Akijibiwa kuwa ni kuzuri, mimi natoa fomu. Kwa lugha ya ofisini mtu huyo tunamwita jirani wa kwanza. Kampuni nyingine humweka mlinzi na familia yake. Yetu iliamua kwamba mtu mzima ni bora, na zaidi mama mzee, kwa sababu hakuna anayemshuku.

Sitasema nililazimishwa. Mkurugenzi wetu alisema kwenye mkutano wa Jumatatu kwamba nyumba ya mfano imekamilika na inahitaji mtu wa heshima, asiye na kelele, atakayekaa bila kulipa kodi. Nikainua mkono kabla hajamaliza.

Wakati huo Mama alikuwa akiishi Kware, kule Rongai, chumba kimoja orofa ya tatu. Jengo la pili lilikuwa karibu kiasi kwamba yeye na mwanamke wa ng'ambo walipeana chumvi kupitia dirishani. Maji yalikatika kila wiki, na mitungi ilipandishwa kwa ngazi isiyo na ukingo. Magoti yake yalikuwa yamechoka. Chini, mtaro wa maji machafu ulipita mbele ya mlango wa jengo na watu waliuruka asubuhi na jioni kana kwamba ni jambo la kawaida, na kweli lilikuwa la kawaida. Nilikuwa naona aibu. Nauza ndoto ya uwanja na bustani kwa watu wa kila aina, halafu mama yangu anaruka mtaro. Kila nilipomtembelea nilikuta wanawake watatu au wanne wamekaa kitandani kwake wakichambua mboga na kusengenya. Hao sikuwahesabu. Nilipokuwa nikipima alicho nacho Mama, niliangalia kuta tu.

Mkurugenzi hakuwa mtu mbaya. Nalisema hilo kwa sababu ingekuwa rahisi zaidi kama angekuwa mbaya. Alikuwa msemaji mzuri, na kila palipofanyika kongamano la watu wa nyumba na ardhi, yeye alialikwa jukwaani. Hoja yake ilikuwa moja na alijua kuivalisha nguo tofauti. Nyumba ni chache kwa sababu ardhi imefungwa. Ardhi imefungwa kwa sababu serikali imejaa masharti: ukubwa wa chini wa ploti, kibali cha kubadilisha matumizi, michoro inayolala kwenye droo za kaunti mpaka mwenye nayo azeeke. Tufungulieni, alikuwa akisema, nasi tutajaza nyumba. Kisha alikuwa na sentensi yake ya kufungia: kila ekari inayofungwa na ramani ya ofisini, kuna familia inabaki Kware. Yeye alitaja Kware tu kama mfano. Mimi nilimwona Mama kwenye ngazi na mtungi.

Nilimwamini. Mpaka leo nusu ya maneno yake nayaamini, na hilo ndilo linaloniudhi. Droo zenyewe nilizijua. Nimewahi kukaa kwenye benchi la ofisi fulani kuanzia saa mbili mpaka saa tisa nikisubiri sahihi ya mtu aliyekuwa ametoka kunywa chai.

Tulimhamisha Mama Jumapili moja ya kiangazi kwa pikapu ya kampuni. Alishuka, akazunguka nyumba, akagusa ukuta, akafungua bomba la jikoni na maji yakatoka. Alifurahi, tena sana. Kisha akasimama mlangoni akaangalia mbele, nyasi mpaka mwisho wa macho, vigingi vya zege vimechomoza huku na huku, na mbali kabisa pundamilia watano hivi wakila bila haraka.

"Na wengine wako wapi?" akauliza.

"Wameshanunua, Mama. Wanajipanga kujenga."

"Sawa. Mimi nitawangoja," akasema, akaingia ndani kupanga vikombe.

Jumamosi ndiyo ilikuwa siku yetu ya kuleta wateja. Tulikuja na basi dogo lenye picha za nyumba ambazo hazikuwepo popote, tukafungua soda, mtu akaomba sala fupi, kisha tukatembea katikati ya ploti tukihesabu hatua. Mama hakuambiwa afanye lolote. Hiyo ndiyo siri ya jirani wa kwanza, ukimfundisha anaharibika. Alitoka mwenyewe, akajifuta mikono kwenye leso, akawashika mikono watu wasiomjua. "Wewe ni wa wapi hapa? Kumbe wewe ndiye wa kando yangu." Akawauliza wana watoto wangapi. Akawaambia upepo unatoka upande gani ili mlango usielekee huko. Akawaonya juu ya udongo mweusi, kwamba mvua ikinyesha unashika kiatu na kukaa nacho, kwa hiyo waweke mawe mapema. Niliuza sana miezi ile. Ofisini walinipigia makofi.

Kilichonishinda ni kumbukumbu yake. Mimi nilisahau wateja wakishatia sahihi, yeye hakuwasahau. Alikuwa na mtaa mzima kichwani. Kulikuwa na mwalimu wa shule ya msingi aliyesema atajenga Agosti. Kulikuwa na mume na mke, wote wauguzi, ambao walikuwa wamegombana pale pale juu ya mahali pa kuweka choo cha nje. Kulikuwa na kijana aliyekuwa akifanya kazi Qatar, aliyenunua kwa simu, dada yake akaja kumpigia picha ya ploti. Mama aliwaulizia wote kila nilipompitia nikitoka kazini. Mwalimu amesemaje? Wale wa choo wamepatana? Agosti ikapita, akasema labda ni karo za shule. Agosti nyingine ikapita. Alichukua miche ya michongoma akaipanda kwenye mpaka wa ploti ya mwalimu, ili akija akute ua umeshaanza. Akaimwagilia kwa maji ya kuoshea vyombo.

Mimi nilikuwa na fomu zao. Kuna mahali kwenye fomu panapouliza mtu ananunua kwa matumizi gani, na karibu wote walikuwa wameandika uwekezaji. Mwalimu wa Agosti alikuwa ameshanipigia simu kuuliza ploti yake sasa inaweza kuuzwa kwa kiasi gani. Wauguzi walikuwa wakilipa kodi yao vizuri Nairobi na hawakuwa na nia ya kutoka. Ofisini tulikuwa na ramani kubwa ukutani, na kila ploti ikiuzwa mtu aliipaka rangi nyekundu. Ikafika siku ramani ikawa nyekundu yote. Mkurugenzi alikata keki. Kwenye ramani ulikuwa mji. Ukienda kwenyewe, ilikuwa nyasi na mama yangu.

Sikumwambia. Nilikuwa nasema, "Uchumi ni mgumu Mama, watakuja tu," na sauti yangu ilikuwa ile ile ninayoitumia kwa wateja. Sikuwa na nyingine tena.

Mtu pekee aliyekuja alikuja kwa miguu. Boma la mwanamke huyo wa Kimaasai lilikuwa nyuma ya kilima kidogo, na mifugo yao ilipita kwenye ploti zetu kila siku kwenda silanga, lile bwawa la kuchimba lililo upande wa pili. Walikuwa wakipita hapo kabla kampuni yetu haijazaliwa. Yeye na Mama walijuana kwa ugomvi: kondoo waliingia kwenye sukuma wiki ya Mama, naye akatoka na mwiko. Yule mwanamke, aliyekuwa wa umri wake au kumzidi kidogo, alisimama akacheka mpaka Mama naye akacheka. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, siku za mnada wa ng'ombe. Kimaasai cha Mama hakikuwepo. Mwaka ule ule Mama alijifunza kuitikia "Iko" akisalimiwa "Takwenya," na akaringa nayo mbele yangu.

Msimu mmoja mkaza mwana wa yule mwanamke alijifungua kwa shida, na Mama alikaa naye siku tatu bomani, akapika uji, akamwosha mtoto. Wiki moja baadaye rafiki yake alikuja anavuta kondoo jike kwa kamba. Alikuja na yule mkaza mwana ili amfasirie, kwa kuwa jambo lenyewe halikuwa la kusema nusu nusu.

"Anasema hii ni yako," yule binti alieleza. "Na kutoka leo hamtaitana majina. Wewe utamwita Paker, na yeye atakuita Paker. Ni kwa sababu ya kondoo. Mkishapeana, jina inakuwa hiyo."

Sijui kama naweza kueleza jambo hilo lilivyomwingia Mama. Maisha yake yote aliitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza, na baadaye shosho na kila mtu. Sasa alikuwa na jina ambalo mtu mmoja tu duniani alimwita kwalo, na yeye akamwita mtu huyo huyo kwa jina hilo hilo. Kila alasiri Paker alikuja na maziwa, wakakaa barazani. Kila mmoja alisema kwa lugha yake zaidi ya nusu. Nikimpitia nikitoka kazini nilisikia kicheko kabla sijaona nyumba. Nilifikiri, basi, amepata mtu, na nikapunguza kuja mapema.

Kisha kaunti ikatoa rasimu ya mpango wa matumizi ya ardhi. Upande wetu ulipangiwa ploti kubwa, nyumba chache, na ukanda wa wazi kutoka kilimani mpaka silanga ambao hautajengwa wala kuzungushiwa ua, uwe njia ya mifugo. Ungewauliza wenye kampuni wangekuambia ni tangazo la vita. Walikutana hotelini asubuhi baada ya asubuhi. Wengi walisema mambo ya maana: kwamba huwezi kumwambia mtu wa mshahara mdogo anunue nusu ekari, kwamba ukipanua ploti unamfukuza maskini, kwamba mipango huchorwa na watu wenye nyumba zao tayari. Hakuna aliyesema kwamba ploti ndogo tulizokwisha kuuza hazina hata mlango mmoja wa maskini. Mimi nilikuwa na nakala ya ile ramani nyekundu mkobani na sikusema.

Tangazo la mkutano wa kukusanya maoni ya wananchi lilipotoka, mkurugenzi aliniita. "Wataalamu tutawaleta," akasema. "Lakini mkazi mmoja wa kweli atatushinda sisi wote." Hakutaja ni nani. Mkazi alikuwa mmoja.

Niliandika sentensi saba kwenye karatasi, nikamsomea Mama jikoni. Kwamba yeye ni mkazi, amehamia, anapenda mahali hapa. Kwamba watu wa kawaida wanahitaji ploti ndogo wanazoweza kuzimudu. Kwamba ukanda ule utawakatisha tamaa majirani wanaojiandaa kujenga. Alinisikiliza akichagua maharagwe.

"Hii itawaleta?" akauliza.

"Ndiyo, Mama."

"Na ng'ombe wa Paker?"

"Kutakuwa na barabara. Ng'ombe si wanatembea kwa barabara?"

Nilisema hivyo. Nimejaribu kukumbuka kama nilisita kidogo kabla ya kusema, na sikusita.

Mkutano ulifanyika Kajiado mjini, chini ya hema lililokodiwa. Kampuni ilituletea gari. Watu wa kilimani walikuwa wameshafika, wanawake upande mmoja na shanga zao, na Paker alipomwona Mama aliinuka, akaacha wenzake, akaja kukaa naye. Alimletea maziwa kwenye chupa ya soda. Wakashikana mikono. Mama alidhani wamekuja kwa jambo moja, na sidhani Paker alidhani vingine.

Mama aliitwa mapema kwa sababu ya umri. Alisimama akasema zile sentensi saba bila karatasi, na akaongeza zake. Alisema ameishi miaka akiangalia vigingi. Alisema kuna mwalimu, kuna wauguzi, kuna kijana yuko nje, wote ni watu wazuri, wafunguliwe njia waje. Alisema mtu hakuumbwa akae peke yake. Mtu wa kaunti aliacha kuandika akamwangalia. Kila alipotua, mfasiri aliyatia maneno katika Kimaasai, na mimi nikawa namwangalia Paker akiyapokea kwa kuchelewa, moja baada ya jingine, mkono wake bado uko kwenye kiti kitupu cha Mama. Ilipofikia ile ya ukanda aliuondoa ule mkono, akauweka pajani.

Naye alisimama baadaye. Alisema kwa muda mrefu, polepole, akionyesha kwa fimbo njia ambayo haikuwepo ndani ya hema. Alipomaliza, mfasiri akatuambia, "Anaomba njia ya mifugo izingatiwe." Basi.

Tukiwa garini kurudi, Mama akaniuliza Paker alisema nini, mbona maneno mengi yametoka machache.

"Sijui Kimaasai, Mama."

"Unajua," akasema.

Ukanda haukupita. Mpango uliporudi, ukanda ulikuwa umepunguzwa kuwa barabara ya kawaida kando ya ploti. Mkurugenzi alisema ni ushindi wa mwananchi mdogo, na kwenye hotuba yake alimtaja mama mmoja mzee wa Kitengela aliyesimama na kusema ukweli wake.

Na kweli watu walikuja. Bei ilipopanda, wenye ploti waliamka. Waliokuwa hawana cha kujengea nyumba walikuwa na cha kujengea ua. Malori yalileta nguzo za zege na waya, na Mama aliyaona kwa mbali akavaa leso nzuri akachemsha chai ya birika kubwa. Akawapa mafundi. Akawauliza mwalimu atafika lini. Walichimba mashimo, wakasimamisha nguzo, wakakaza waya, wakapanda lori wakaenda. Wale wa ploti ya mwalimu waling'oa michongoma ili wanyooshe mstari. Kabla ya mvua za masika kila ploti ilikuwa na ua, na kila ua umezunguka nyasi. Hapo ndipo nilipoanza kushindwa kumwangalia Mama usoni.

Mifugo ya Paker haikuweza kupita. Ile barabara ya kando mvua iliigeuza tope, na mwenye ploti ya mwisho alikuwa ameisogelea kwa ua wake. Wakawa wanazunguka mpaka lami, kwenye malori ya saruji. Ndama wawili waligongwa. Wanawe wakaamua kuuza ardhi iliyobaki na kuhamia upande wa Illasit, kwa ndugu za baba yao, ambako watajaribu kulima. Walimwuzia nani, sina haja ya kusema. Mimi ndiye niliyechapa barua ya makubaliano.

Alikuja kuaga. Ilibidi azunguke nyua zote kufika, na alifika amechoka. Walikaa barazani kama kawaida lakini hawakucheka. Alimwita Mama Paker, kama siku zote, wala hakutaja mkutano. Nilitamani amtukane mtu. Alipoinuka alimshika Mama kichwa kwa mikono miwili, akamtemea mate kidogo kwa baraka, kisha akaenda. Mama alibaki amesimama pale uani, na kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe nilimwona ameishiwa na la kufanya.

Miezi iliyofuata alizungumza kidogo. Jumamosi nilipoleta wateja wa awamu ya pili, ile ardhi iliyokuwa ya kina Paker, alibaki ndani. Nilimwomba atoke kidogo tu. Alitoka, akasimama, akawaambia huku ni kuzuri. Waliamini.

Siku aliyoanguka nilikuwa Nairobi, kwenye kongamano kuhusu uhaba wa nyumba. Mkurugenzi alikuwa jukwaani. Mimi nilikuwa nimeshika simu ya mauzo, ile ambayo namba yake imeandikwa kwenye bango kubwa la barabarani. Ikatetema, nikatoka ukumbini nikinyata.

"Madam wa ploti?" Alikuwa dereva wa lori la maji. "Niko hapa kwa shamba yenu. Kuna shosho ameanguka huku nje, hawezi inuka. Amekuwa hapa toka asubuhi. Huyu ni wa nani?"

Kando yangu wanaume wawili wenye beji walikuwa wakinywa chai na kuzungumza juu ya ushuru wa saruji. Nikasema, "Ni mama yangu." Walinigeukia, nadhani nilisema kwa nguvu.

Alikuwa ametoka saa mbili kwenda kumwangalia kondoo wake, akateleza kwenye udongo mweusi, nyonga ikavunjika. Simu yake ilikuwa ndani inachajiwa. Alilala pale mpaka saa nane. Katika hospitali, dawa ilipomtuliza, aliniambia bila kuniangalia kwamba mwanzoni aliita watu. Alimwita mwalimu. Aliwaita wale wauguzi. Kisha akamwita Paker, akijua ameshaenda, kwa sababu huyo ndiye peke yake ambaye angekuja. "Niliita mpaka nikaona aibu," akasema. "Mtu anapiga kelele kwa waya."

Hakurudi kule. Dada yangu alimpangia chumba Kware tena, chini kabisa, mlango unaofunguka kwenye njia ya watu wote, karibu na ule mtaro. Anatembea kwa fimbo mbili, na madaktari wamesema hatatembea vizuri zaidi ya hapo. Mkurugenzi alileta matunda, akakaa naye nusu saa, alihuzunika kweli. Wakati wa kuondoka aliniambia kwa upole kwamba nyumba isikae bure, awamu ya pili bado inauzwa. Nilimtafutia mtu. Ni mjane aliyestaafu upishi wa shule, mcheshi, hana kelele. Aliniuliza maswali machache nikamjibu yote.

Jumapili iliyopita nilienda kumwona Mama. Kitanda chake kilikuwa kimejaa wanawake na mboga, wakanipisha kiti. Mama alinikaribisha chai vizuri, kama anavyomkaribisha mgeni yeyote. Kisha akaniuliza nani anakaa kwenye ile nyumba sasa. Nikamwambia. Akauliza kama nimemweleza huyo mama mambo yalivyo kule.

Nikainua kikombe nikanywa. Mmoja wa wale wanawake, mpangaji mpya ambaye hajawahi kuniona, alikuwa akitusikiliza. Akamwuliza Mama mimi ni nani.

"Huyu?" Mama akasema. "Huyu ni wa kampuni ya ploti."

Hakusema kwa hasira. Yule mwanamke alifurahi, akaweka kisu chini, akajifuta mikono. Alisema amechoka na hapa, watoto wanne chumba kimoja, amekuwa akiweka akiba kwenye chama, na angependa kujua kama kule Kitengela ploti bado ziko. Wenzake wote wakaniangalia. Mama naye aliniangalia, kwa mara ya kwanza siku hiyo, akangoja nitasema nini.

Nikamwambia bado ziko.